Vita ni vya Goma, mbona kila redio ina vita vyake?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Dar es Salaam. Mume wangu kwao ni Goma, na dada yake mkubwa bado yuko huko, mtaa wa Katindo. Kazini nakaa meza moja na mama mmoja wa Kigali ambaye tumesaidiana mengi. Tangu Januari 2025 nyumbani kwangu hakukaliki. Mume wangu anasikiliza redio za Kinshasa, anasema Rwanda imevamia. Rafiki yangu ananionyesha magazeti ya kwao kwenye simu: humo Rwanda inajilinda dhidi ya wauaji wa 1994, na vita ni vya Wakongo wenyewe. Nikifungua vyombo vyetu naona mkutano, mkutano, mkutano. Nikaenda kwa Wazungu nikidhani ndiko uliko ukweli, nako wanazungumzia madini na Arsenal. Nimefika mahali naamini wote wanalipwa. Mume wangu anasema namtetea adui. Rafiki yangu siku hizi anakula chakula cha mchana peke yake. Nani anadanganya, na mtu wa kawaida kama mimi asome nini?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa mtikisiko wa nyumbani. Kabla sijafungua gazeti lolote nimkumbuke kwanza wifi yako wa Katindo, maana mwenye vita ni yeye. Sisi wengine tuna habari za vita. Nitamrudia.

Umeniuliza nani anadanganya. Nimesoma barua yako mara tatu na naona swali lililojificha ndani yake ni jingine: inakuwaje watu wazima, wenye akili zao, wautazame mji mmoja na kila mmoja arudi na vita tofauti? Uongo upo, na nitautaja ulipo. Lakini ukianza kwa kumsaka mwongo utaishia kuwachoka wote, na ndipo ulipokwisha kufika.

Hilo la kwamba wote wanalipwa nalijibu kwa jambo nililolishuhudia. Kabla ya kuingia darasani kufundisha, nilikaa dawati la habari za kimataifa la gazeti moja hapa mjini. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza. Habari zilikuja kutoka mashirika ya nje, kazi yangu ilikuwa kuzitafsiri. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika mwaka huohuo kwamba Rwanda inawasaidia waasi hao, kwa hiyo karibu kila habari ilikuja na maneno "wanaoungwa mkono na Rwanda". Natafsiri, napeleka, mhariri wa zamu anayakata. Hakuwa na hasira wala woga. Alipitisha kalamu kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula. Nilipomuuliza alisema, "Hawa ni wenzetu wa Jumuiya. Tukiandika waasi inatosha."

Mei 2013, kwenye mkutano wa Addis Ababa, Rais Kikwete akashauri Rwanda izungumze na FDLR, kundi la waasi Wahutu wa Rwanda walioko Kongo. Kwa Kigali lile lilikuwa tusi zito, kwa sababu ndani ya FDLR mna mabaki ya watu walioshiriki mauaji ya kimbari ya Watutsi. Magazeti ya kule yakamshukia Kikwete, ya kwetu yakasimama naye. Wakati huo wanajeshi wetu walikuwa Kongo kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, na Agosti meja mmoja wa JWTZ akauawa karibu na Goma. Basi jioni moja nikapeleka tafsiri yangu, yale maneno nimeshayaacha mwenyewe kwa mazoea. Mhariri yuleyule akaniita. "Mbona hujasema nani anawaunga mkono?" Akayapandisha kwenye kichwa cha habari.

Hakuna aliyelipwa pale. Simu ya Ikulu sikuisikia ikilia. Ripoti ya wataalamu ilikuwa ileile tuliyokuwa nayo tangu 2012, waasi walewale, mji uleule. Kilichobadilika ni hali ya hewa kati ya Ikulu mbili, na sisi kwenye chumba cha habari tuliivuta hewa hiyo bila kujua tunavuta nini. Mimi pia. Lile la kuyaacha maneno mwenyewe kabla sijakatiwa ndilo linaloniuma mpaka leo.

Methali yetu inasema kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ni kweli, ila haituambii mkono unavutwa na nini. Mwaka 1990 msomi mmoja wa Marekani, Lance Bennett, alichunguza jinsi New York Times ilivyoripoti mjadala wa serikali yao kuwafadhili waasi wa Nicaragua. Nikiliweka kwa lugha ya sokoni, aliona kwamba gazeti hupima upana wa mjadala kwa upana wa ugomvi wa wakubwa. Wabunge wakigombana, maoni ya kupinga hujaa gazetini. Wabunge wakinyamaza, wapinzani nao hutoweka kwenye kurasa, hata kama mitaani bado wapo na sababu zao hazijabadilika.

Wala si njama. Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Saa tisa alasiri mwandishi ana habari ya vita vilivyo kilomita elfu moja kutoka alipo. Gazeti linafungwa jioni. Ampigie nani? Msemaji wa wizara ya mambo ya nje, msemaji wa jeshi, mbunge wa kamati, balozi. Hao wana namba zinazopatikana, wanaongea kwa sentensi fupi, na wakikosea kosa ni lao, si la mwandishi. Mama wa Katindo hana msemaji. Kwa hiyo vita vya mbali hufika kwenye gazeti vikiwa vimepitia midomo ya watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani husema yale yanayowagusa wao.

Usidhani hili ni la nchi ambazo waandishi wanawindwa tu. Mwaka 2002 na 2003 Marekani ilipojiandaa kuivamia Iraq, vyama vyote viwili vikubwa vilikuwa na viongozi waliokubaliana na Rais, na magazeti yenye uhuru kamili kisheria yalichapisha habari za silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Tarehe 26 Mei 2004 New York Times iliwaandikia wasomaji wake kukiri kwamba baadhi ya habari zake hazikuwa na umakini uliostahili. Waulize pia wazee wako kuhusu 1978. Redio Tanzania ilimwita Idi Amin "nduli", na nchi nzima ikamwita nduli. Ng'ambo ya pili, Radio Uganda iliwaambia Waganda kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza. La Uganda lilikuwa uongo, Kagera ilivamiwa na ushahidi upo. Ila msikilizaji wa Masaka alilipokea kwa moyo uleule ambao msikilizaji wa Bukoba alipokea lake. Kuwa upande wenye haki hakukufanyi uwe umesikia habari kamili.

Sasa turudi Goma. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia mjini. Kwa Kiswahili pekee, tukio hilo moja lilipewa vitenzi vinne, na ningependa uvikalie kidogo kwa sababu humo ndimo siasa inamolala. Goma "imetekwa". Goma "imekaliwa". Goma "imekombolewa". Na kuna cha nne, cha watu wasiotaka ugomvi: M23 "yaudhibiti" mji wa Goma. Kuteka kunasema mji ulikuwa wa mwingine na umechukuliwa kwa nguvu. Kukalia kunasema aliyeuchukua ni wa nje, ndiyo maana Kinshasa hulipenda neno hilo. Kukomboa ni la waasi wenyewe. Na kudhibiti? Kudhibiti unadhibiti moto, foleni, mfumuko wa bei. Ni kitenzi kisicho na mkosaji. Ukikiona, jua kuna mhariri mahali fulani ambaye serikali yake haijaamua ikae wapi.

Mume wako anasikiliza Kinshasa. Huko, kwamba Rwanda imevamia halina ubishi kati ya serikali na wapinzani walio wengi, kwa hiyo redio haina haja ya kulithibitisha kila siku. Katika kiini chake lina ushahidi: wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria katika ripoti yao ya katikati ya 2024 kwamba kulikuwa na wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo, na Februari 2025 Baraza la Usalama kwa kauli moja likaitaka Rwanda iwaondoe. Lakini redio hizo hizo ni nyepesi mno kwenye mambo mengine: askari wao waliovua magwanda na kukimbia, mishahara isiyofika mstari wa mbele, na ushirikiano wa jeshi lao na FDLR, ambao wataalamu walewale wa Umoja wa Mataifa wameuandika. Na si kwa kusahau tu. Januari hiyo, Al Jazeera walipomhoji kiongozi wa M23, Kongo iliwanyang'anya waandishi wake vibali, na waziri wa sheria akatishia adhabu ya kifo kwa watakaosambaza shughuli za jeshi la Rwanda na washirika wake. Mwandishi wa Kinshasa anayekata sentensi hakati kwa adabu kama mhariri wangu. Anakata kwa kuhofia shingo yake.

Rafiki yako wa Kigali naye ana sentensi zenye ukweli mkononi. FDLR ipo. Watutsi wa Kongo wameuawa na kutukanwa kwa sababu ya kabila lao, na kwa Mnyarwanda wa umri wake hilo ni kumbukumbu ya watu anaowajua kwa majina. Magazeti anayokuonyesha yanakiweka kitisho hicho mbele na kukiita kila kitu kingine "hatua za kujihami". Kinachokosekana humo ni swali la wanajeshi. Mwanzoni mwa Februari 2025 CNN ilimuuliza Rais Kagame kama askari wake wako Kongo, naye, amiri jeshi mkuu, akajibu kwamba hajui. Katika nchi yenye bunge linalogombana na rais, jibu lile lingekuwa ukurasa wa mbele kwa wiki nzima. Kule lilipita. Na kumbuka kwamba redio ya BBC ya Kinyarwanda ilifungiwa Rwanda mwaka 2014 baada ya BBC kurusha filamu iliyopinga simulizi rasmi ya mauaji ya kimbari, na haikurudishwa hewani. Kila mwandishi aliyekua baada ya hapo anajua ukuta ulipo bila kuuona.

Hapa nitakuudhi kidogo: hawa wawili hawako sawa kwenye kila jambo. Kwenye swali moja mahususi, kama jeshi la Rwanda lilivuka mpaka, mume wako yuko karibu zaidi na ushahidi. Kwenye swali la kama Watutsi wa Kongo wana sababu ya kuogopa, rafiki yako hajazua kitu. Lakini kuogopa hakuhalalishi kuuteka mji, na kuvamiwa hakuhalalishi kumtukana jirani kwa kabila lake. Watu wengi hudhani busara ni kusoma pande zote mbili, kisha kugawanya katikati. Huo ni ushauri mbaya unaovaa kanzu ya hekima. Mmoja akikwambia mvua inanyesha na mwingine akikwambia jua linawaka, usiandike manyunyu. Toa mkono dirishani.

Tazama sasa Afrika Kusini, ambako naona funzo kubwa kuliko kote. Walipoteza askari 14 kwenye mapigano yale. Rais Ramaphosa akatoa tamko lililowataja M23 na jeshi la Rwanda kwa neno la Kiingereza linalomaanisha wanamgambo, na Kagame akamjibu hadharani kwamba RDF, yaani jeshi la Rwanda, ni jeshi, si wanamgambo, na kwamba kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hakikuwa cha kulinda amani. Neno moja, na marais wawili wakarushiana maneno mbele ya dunia. Ila ndani ya Afrika Kusini habari haikukaa kwenye neno hilo. Vyama vya upinzani bungeni vilitaka kujua kwa nini vijana walipelekwa bila ndege za kuwasaidia, bajeti ya jeshi imekwenda wapi, na waziri wa ulinzi anajibu nini. Kwa hiyo msomaji wa Johannesburg alijua mengi kuhusu upungufu wa jeshi lake na machache kuhusu Goma. Vita vya Kongo vilikuwa kwake kesi dhidi ya serikali yake.

Nasi? JWTZ ilitangaza kwamba askari wetu wawili walifariki katika mashambulizi yale. Wawili. Jiulize, dada, unakumbuka ulisoma nini zaidi ya tangazo? Hukuona maswali kwa sababu hakukuwa na wa kuyauliza kwa sauti: Bunge lililotoka kwenye uchaguzi wa 2020 lilikuwa karibu lote la chama kimoja. Kisha tarehe 8 Februari marais wa SADC na wa Afrika Mashariki wakakutana hapahapa Dar es Salaam, na kwa mwenyeji wa mkutano habari ni mkutano: nani kawasili, kapokewa na nani, barabara gani zimefungwa. "Mkutano, mkutano, mkutano" uliyoandika ndiyo sauti ya nchi ambayo haina ugomvi wa ndani kuhusu vita hivyo na inataka ionekane mpatanishi. Hakuna uongo ndani yake. Kuna ukimya mwingi, na ukimya hauna kichwa cha habari cha kukukasirisha, ndiyo maana hukuulalamikia sana.

Ulipokimbilia kwa Wazungu ulifanya kosa ambalo karibu kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hulifanya, la kudhani aliye mbali hana upande. Aliye mbali ana nyumba yake pia. Uingereza ilitia saini Aprili 2022 mkataba wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Juni 13 mwaka huo M23 waliuteka Bunagana, mji wa mpakani na Uganda. Kesho yake, Juni 14, ndege ya kwanza ya waomba hifadhi ilikuwa iondoke Uingereza na ikazuiwa dakika za mwisho na mahakama ya Ulaya. Huna haja ya kubahatisha ni ipi kati ya hizo iliyojaza vichwa vya habari London. Kwa miaka miwili, mpaka serikali ya Starmer ilipoufuta mpango ule Julai 2024, neno "Rwanda" katika siasa za Uingereza lilimaanisha wahamiaji. Swali lilikuwa kama Rwanda ni salama kwa watu wa kutoka Uingereza. Kama watu wa Rutshuru, huko Kongo mpakani, wako salama na Rwanda, hilo halikuwa na kura ndani yake.

Arsenal uliyokutana nayo ni tawi la mti huohuo. Waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain kuzitaka ziache tangazo la utalii wa Rwanda. Namvulia kofia yule mama. Alijua kwamba Mwingereza ambaye hajui Masisi iko wapi anajua vizuri mkono wa jezi. Aliitafuta njia ya kuingiza vita vyake kwenye nyumba ya mtu mwingine, akaiona sebuleni, karibu na televisheni.

Madini ni Marekani. Juni 27, 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington, na Desemba 4 marais wenyewe wakaenda kusaini. Habari nyingi za kule zilikuwa za Trump: kama anastahili sifa au hastahili, kama Marekani itapata madini au China itayabakiza. Siku chache baada ya sherehe ya Desemba M23 wakaingia Uvira, pale ng'ambo ya Bujumbura, kwenye ziwa letu hilihili la Tanganyika. Ukifuata vita hivi kwa macho ya Washington, kuanguka kwa Uvira ni doa kwenye sherehe ya mtu. Ukiwa Kigoma ni watu wanaokimbia ziwani.

Tena siasa za nyumbani haziamui maneno tu. Zinaamua pia kama redio itakuwepo. Katikati ya Machi 2025, mwezi mmoja baada ya mji wa Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, Trump aliagiza kupunguzwa kwa wakala unaoisimamia Sauti ya Amerika, wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakapewa likizo ya lazima na matangazo yakanyamaza, ya Kiswahili yakiwemo. Wasikilizaji wa Kivu hawakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi ule. BBC ilianza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1957, Ujerumani 1963, Ufaransa kupitia RFI 2010, na zote kwa sehemu kubwa au ndogo zinaishi kwa fedha za umma za nchi hizo. Nazisikiliza kila siku na nawaheshimu wenzangu walioko huko. Najua tu kwamba swichi iko mikononi mwa mabunge ambayo wabunge wake mimi siwapigii kura.

Basi usome nini? Kwanza nikutoe hofu: sikutumi usome vyombo kumi na vinane, una kazi na familia. Kuna maswali mawili ninayojiuliza mwenyewe nikishika habari yoyote ya vita. La kwanza, nyumbani kwa huyu aliyeandika, wakubwa wanagombana kuhusu vita hivi au wamekubaliana? Wakiwa wamekubaliana, ninaisoma polepole na kutafuta kilichoachwa. La pili, ni nani amenukuliwa, na yuko wapi anapozungumza? Ukipiga mstari chini ya kila jina kwenye habari ya Goma, mara nyingi utakuta mistari mitano, yote ya watu walioko Kinshasa, Kigali, New York na Addis Ababa. Jaribu leo usiku na kalamu. Inashtua.

Zaidi ya hapo, nenda mara chache kwenye chanzo chenyewe. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo ziko wazi mtandaoni kwa Kifaransa na Kiingereza. Ni ndefu na kavu, na zina makosa yake, lakini zinamkera kila upande, nami huwa naamini kidogo zaidi kitu kinachowakera wote. Sikiliza Radio Okapi, ya Umoja wa Mataifa, kwa Kiswahili cha kule. Ina waandishi Wakongo wanaojua barabara ipi imefungwa leo. Na kama una dakika kumi tu kwa siku, zitoe zote kwa habari moja badala ya vichwa thelathini vya habari. Makundi ya WhatsApp usiyahesabu kama chanzo. Yale hayakutoka nje ya nyumba za wakubwa; yamebeba sentensi zilezile na kuziondolea jina la aliyezisema.

Mume wako usimpelekee makala ya Kigali ili "aone upande wa pili" wakati hajajua kama dada yake amelala salama. Mtu aliye na ndugu ndani ya moto hasomi, anasubiri simu. Mwambie kwanza kile mnachokubaliana, kwamba mji ulichukuliwa kwa silaha na dada yake hakuulizwa. Na rafiki yako, mfuate mezani. Usimuulize Rwanda imefanya nini, maana swali hilo linamgeuza msemaji wa serikali na yeye hakuajiriwa. Muulize kwao 1994 ilikuwaje, kama yuko tayari kusema. Usimlazimishe.

Yako mambo ambayo makala haya hayawezi kuyabeba. Ikitokea simu ya wifi yako haipatikani kwa siku nyingi, msikae mkisaka picha mtandaoni; nendeni ofisi za Msalaba Mwekundu wa Tanzania mkiwa na majina yake kamili, umri, na mahali alipoonekana mara ya mwisho, kwa sababu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana vitani na wanaunganishwa na wenzao wa Kongo. Kama mume wako halali, anashtuka usiku, au maneno yake kuhusu kabila fulani yameanza kukutisha, hilo ni la kukaa ana kwa ana na mshauri nasaha hospitalini, au na kiongozi wa dini mnayemheshimu wote wawili. Usilibebe peke yako. Na kabla yeyote nyumbani kwako hajasambaza video ya maiti au tuhuma dhidi ya mtu kwa jina, mkumbuke kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Akishaitwa polisi, muoneni wakili kwanza kabla ya kuanza kueleza chochote.

Sasa wifi yako. Mji ulipotekwa maji na umeme vilikatika, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki za Goma zikafunga milango na kubaki hivyo kwa miezi. Mwalimu mwenye mshahara wake kwenye akaunti alikuwa hana hela ya unga. Watu wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, ndani ya Rwanda hiyohiyo, kutafuta noti. Kwenye redio za mume wako, benki zile zilitajwa kama ushahidi dhidi ya adui. Kwenye magazeti ya rafiki yako sidhani kama ulizikuta. Kwetu hazikufika mezani kwa marais. Mkimpigia Jumapili hii, kabla kaka yake hajamuuliza ni nani anayetawala Katindo siku hizi, muulize wewe anatoa wapi hela, unga kilo ni bei gani, na akivuka kwenda Gisenyi anapita mpaka upi na wanamwambia nini pale. Halafu weka simu kwenye spika, umwache aongee mpaka salio liishe.